Sukari Imeshuka, Mbona Nyayo Bado Zinawaka?

Kwenye kliniki za kisukari za Mtwara na Lindi kuna malalamiko yasiyoisha. Mgonjwa anameza dawa kwa nidhamu, mashine ya kidole asubuhi inasoma 6 au 7, lakini usiku nyayo zinawaka moto kana kwamba amevuka ufuko saa saba mchana bila viatu. Mwingine hahisi moto wala maumivu. Kwake kandambili inachomoka mguuni njiani, na anafika nyumbani ndipo anaambiwa. Wote wawili waliambiwa washushe sukari, wakaishusha. Wana haki ya kuuliza kulikoni.

Jibu ni kwamba katika kisukari cha aina ya pili, sukari ni mhusika mmoja kati ya kadhaa wanaoumiza mishipa ya fahamu, yaani neva. Damu hiyohiyo inabeba mafuta, asidi amino na mabaki ya kikemikali ambayo mashine ya kidole haiyaoni kabisa.

Hili halikusemwa kwa kukisia. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, ujulikanao kwa kifupi kama DCCT, ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, kudhibiti sukari kwa ukali kulipunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili mambo hayakwenda hivyo. Tafiti zilipojumlishwa mwaka 2012, faida ilionekana lakini ilikuwa ndogo mno ukilinganisha. Mtu asisome hapa ruhusa ya kuacha dawa: sukari iliyodhibitiwa bado inalinda macho na figo, na neva nazo zinapata nafuu yake. Kinachobadilika ni orodha ya mambo ya kuangalia.

Kinachopita langoni

Chakula kikishavunjwa tumboni na seli zikishakitumia, damu hujaa molekuli ndogondogo: sukari, asidi za mafuta, asidi amino, urea, asidi ya laktiki na nyingine kwa mamia. Wataalamu huziita metabolaiti. Baadhi ni malighafi, baadhi ni bidhaa za njiani ambazo hazijakamilika, na baadhi ni taka zinazosubiri figo.

Fikiria kiwanda cha kubangua korosho. Mkaguzi anaweza kusimama langoni bila kuingia ndani, akahesabu magunia ya korosho ghafi yanayoingia, kokwa nzima zinazotoka, kokwa zilizovunjika na maganda. Kokwa zilizovunjika zikizidi, anajua kisu cha mashine kimekaa vibaya. Kupima metabolaiti za damu ni ukaguzi wa namna hiyo: kinachopita kwenye damu kinaeleza mashine ipi imekwama ndani ya ini, misuli, mafuta ya mwili au neva yenyewe.

Kwa nini basi uharibifu unaanzia vidole vya miguu? Kwa sababu ya urefu. Seli ya neva inayopeleka hisia za kidole gumba cha mguu ina kiini chake pembeni mwa uti wa mgongo, na mkia wake unashuka hadi kidoleni, karibu mita moja kwa mtu mzima. Kila kitu kinachohitajika kule chini, pamoja na mitokondria zinazozalisha nishati, kinasafirishwa kupitia uzi huo mwembamba kuliko unywele. Usafiri ukidorora, wa mwisho wa njia ndiye wa kwanza kukosa. Kibaya zaidi, vituo vilivyobeba viini vya seli hizo havina ukuta imara wa kuzuia vitu vya damu kama ule wa ubongo, kwa hiyo kilichomo kwenye damu kinavifikia moja kwa moja.

Ndiyo maana ganzi ya kisukari ina ramani yake: huanza vidoleni, miguu yote miwili, hupanda kama soksi, na inapokaribia magoti ndipo vidole vya mikono navyo huanza. Ganzi iliyoanza mkono mmoja, au mguu mmoja tu, au iliyokuja ghafla, haifuati ramani hiyo na inatakiwa itafutiwe sababu nyingine kabla ya kulaumu kisukari.

Sukari, mafuta na serini

Neva hazisubiri insulini ili kuchukua sukari. Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda ndani ya neva pia. Ziada hiyo hugeuzwa na kimeng'enya kimoja kuwa sorbitoli, kisha kuwa fruktosi, na kazi hiyo hutumia akiba ileile ambayo seli ingeitumia kujikinga na kutu ya ndani, yaani molekuli zenye oksijeni zinazounguza kuta za seli. Sukari nyingine hushikamana na protini na kuzikakamaza. Kuna pia zao la pembeni la uvunjaji wa sukari, methiliglioksali, ambalo hubadilisha milango ya chumvi kwenye neva za maumivu hadi zikawa zinapiga kelele bila kuguswa. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba zao hilo linahusiana na maumivu ya wagonjwa wa kisukari. Shuka kugusa mguu usiku ikauma ni dalili ya milango ya aina hiyo kuwa wazi mno.

Mafuta ni habari ya pili, na hapa ndipo aina ya pili inapoachana na aina ya kwanza. Mwenye aina ya pili mara nyingi ana trigliseridi nyingi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, unene wa tumbo na ini lililolemewa. Asidi za mafuta zinapofurika, mitokondria hushindwa kuzichoma hadi mwisho, na vipande vilivyochomwa nusu, viitwavyo asilikanitini, hubaki vikizagaa. Seli zinazoifunika neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme huumizwa na vipande hivyo. Ushahidi mmoja wa kutia moyo ulitoka kwenye utafiti uitwao FIELD, uliohusisha watu 9,795 wenye kisukari cha aina ya pili huko Australia, Nyuzilandi na Ufini: waliopewa fenofibrati, dawa ya kushusha trigliseridi, walikatwa viungo vya miguu pungufu kwa takriban asilimia 36. Kukatwa kiungo si kipimo cha neva peke yake, mishipa ya damu nayo imo, lakini ni matokeo ambayo sukari pekee haiyaelezi.

Trigliseridi hizo hazitoki hasa kwenye samaki wala kwenye tui. Kwa kiasi kikubwa ini ndilo linalozipika, kutokana na wanga na sukari iliyozidi, na pombe huliongezea kuni. Mtu anayekula mlima wa ugali wa makopa kwa mboga kidogo, akashushia chai yenye sukari, anaweza kuwa na damu yenye mafuta tele bila kugusa nyama. Msimu wa mabibo una mtego wake: juisi yake ni sukari, na uraka ni sukari iliyogeuka pombe.

Habari ya tatu ni ngeni zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo inayofumbua macho. Mwili hutengeneza aina ya mafuta iitwayo sfingolipidi, ambayo ni sehemu muhimu ya ala inayofunika neva. Kimeng'enya kinachoanza kazi hiyo huunganisha asidi ya mafuta na asidi amino iitwayo serini. Serini ikipungua, kimeng'enya hakisimami. Huchukua jirani yake, alanini au glisini, na kuendelea kama kawaida. Bidhaa inayotoka inafanana na ile halali, ila imekosa sehemu moja ndogo ambayo mwili huishika pale unapotaka kuivunja. Ni kama ufunguo uliokatika kishikio ndani ya kitasa: umeingia, na kuutoa ni kazi. Mafuta hayo bandia hujikusanya, na kwa seli za neva ni sumu.

Tumeyajua haya kupitia ugonjwa adimu wa kurithi ambamo kimeng'enya hicho kina hitilafu tangu kuzaliwa. Wagonjwa wake hawana kisukari, lakini wanapata ganzi na vidonda vya nyayo vinavyofanana mno na vya kisukari. Mwaka 2019 jaribio dogo la watu 18 wenye ugonjwa huo lilitoa dalili kwamba kuwapa serini kwa wingi kunaweza kupunguza kasi yake. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, mafuta hayo bandia yamepatikana yakiwa juu kwenye damu. Na mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba panya wenye kisukari wana upungufu wa serini, na kwamba panya walionyimwa serini huku wakilishwa mafuta mengi waliharibika neva mapema, ilhali kuwarudishia serini wale wenye kisukari kulipunguza kasi ya uharibifu.

Panya si binadamu. Asitokee muuzaji wa virutubisho akauza kopo la serini kwa bei ya gunia la ufuta kwa kisingizio cha utafiti huo. Kwa sasa serini ipatikane sahanini: mayai, samaki, dagaa, mbaazi, kunde, karanga na soya vyote vinayo.

Mtuhumiwa au shahidi?

Kila utafiti wa metabolaiti unakumbana na swali moja gumu. Kitu fulani kimekutwa juu kwenye damu ya wenye ganzi. Je, ndicho kilichoharibu neva, au kimepanda kwa sababu ya jambo lingine? Figo zikichoka, makumi ya molekuli hupanda kwa pamoja, na mwenye figo zilizochoka mara nyingi ana neva zilizochoka pia. Molekuli hizo ni mashahidi waliokuwepo eneo la tukio, si lazima ziwe wahalifu.

Njia mojawapo ya kutenganisha ni kutumia jeni. Kila mtu hupokea jeni zake kwa bahati nasibu siku ya kutungwa mimba, kabla ya kula chochote wala kuugua chochote. Wapo waliorithi jeni zinazowapa kiwango cha juu kidogo cha molekuli fulani maisha yao yote. Ikiwa watu hao wanapata uharibifu wa neva zaidi ya wengine, tuhuma juu ya molekuli hiyo inakuwa nzito, maana ugonjwa wa ukubwani hauwezi kurudi nyuma ukabadilisha jeni za kuzaliwa. Njia hii nayo ina mwanya: jeni moja inaweza kufanya kazi mbili, ikakupotosha. Isitoshe, hazina kubwa ya takwimu za jeni imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Matokeo yake hayawezi kubebwa mzimamzima hadi Newala au Kilwa, kwa watu wenye jeni tofauti, chakula tofauti na historia tofauti ya maradhi.

Hata sampuli yenyewe inaweza kudanganya, hasa kwenye joto la pwani. Chembe nyekundu haziachi kula sukari eti kwa sababu zimetoka mwilini. Damu ikikaa kwenye kichupa cha kawaida bila kutenganishwa, sukari hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto huharakisha, huku asidi ya laktiki ikipanda. Sampuli iliyochukuliwa zahanati asubuhi ikasafiri kwa pikipiki hadi mchana inaweza kusoma 6 ilhali mgonjwa alikuwa na 8. Kichupa chenye kifuniko cha kijivu kina kemikali ya kuzuia ulaji huo, ingawa nayo huchukua saa moja au zaidi kushika kazi sawasawa.

Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi wanakiita sukari ya miezi mitatu, kina mtego wake pia. Kinategemea umri wa chembe nyekundu. Mwenye seli mundu, au ambaye malaria imevunja chembe zake hivi karibuni, anaweza kuonyesha namba nzuri kuliko hali halisi. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma mara nyingi hupandisha namba hiyo juu ya ukweli. Ndiyo maana namba moja nzuri isimnyamazishe mgonjwa anayelalamika miguu.

Vinavyoweza kupimwa na kurekebishwa leo

Mashine za kupima mamia ya metabolaiti ni za maabara za utafiti. Lakini vichache vyenye faida vinapatikana karibu zaidi. Ukifika hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, uliza kuhusu kipimo cha mafuta ya damu, ukiwa umefunga tangu usiku. Trigliseridi zilizozidi milimoli 1.7 kwa lita zinastahili mazungumzo na daktari. Uliza figo pia, maana kipimo chake ndicho kitakachoamua dozi za dawa nyingi.

Kisha vitamini B12. Metformini ni dawa nzuri na isiachwe kiholela, lakini ikitumika kwa miaka mingi, hasa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, hupunguza ufyonzwaji wa B12. Upungufu huo wenyewe huleta ganzi na miguu kuwaka, na unaweza kutokea hata damu ikiwa haijapungua. Mtu anayeishi kwa ugali na kisamvu yuko hatarini zaidi kwa kuwa B12 haimo kwenye mimea. Imo kwenye samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama na maini. Tofauti na uharibifu wa kisukari, huu unarekebishika ukiwahiwa, kwa sindano au vidonge vyenye dozi kubwa. Hapa pana onyo. Vidonge vya neva vinavyouzwa maduka ya dawa huchanganya B1, B6 na B12, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zilezile unazojaribu kuziokoa. Usimeze miezi na miezi bila mtu anayesimamia.

Daktari pia atataka kujua mengine. Aliyewahi kutumia isoniazidi kwa kifua kikuu anaweza kupata ganzi asipopewa B6 pamoja nayo. Virusi vya Ukimwi na pombe huumiza neva. Ukoma bado upo mikoa ya kusini: baka lisilohisi kwenye ngozi, au neva nene inayopapasika kwenye kiwiko, si kisukari. Na konzo, iliyowahi kuzuka vijijini mkoani Mtwara kwa watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hukakamaza miguu ghafla bila kuiletea ganzi ya soksi. Mtu akiichanganya na kisukari atatibu kisichokuwepo.

Kipimo cha mguu hakihitaji mashine. Mgonjwa alale, soksi zimevuliwa, afumbe macho. Mpimaji aguse kwa ncha ya kidole cha shahada, polepole kama unyoya, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kugonga: kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo, halafu gumba na cha mwisho vya kushoto, kisha cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Mgonjwa aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Usirudie mguso ambao hakuujibu, kwa kuwa ukirudia utabonyeza. Asipohisi viwili au zaidi kati ya sita, miguu yake imepoteza kinga, hata kama mwenyewe hana maumivu yoyote. Kosa la kawaida ni kumuuliza "unahisi?" wakati wa kugusa, ukishauliza, umempa jibu.

Mguu wa namna hiyo una maadui wa hapahapa kwetu. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na mtu mwenye ganzi anayekaanga korosho kienyeji au kutembea juu ya maganda anaweza kuungua asijue hadi ngozi ibambuke. Mchanga wa mchana huunguza vilevile. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa walioumwa na panya vidoleni usingizini bila kuamka. Anayelala kwenye nyumba yenye ghala la mazao ajifunike miguu na kuziba matundu. Kandambili hukwaruza katikati ya vidole na huacha kisigino wazi kwa miba. Kiatu cha kufunika, chenye nafasi mbele, kikung'utwe kila asubuhi kabla ya kuvaliwa, na kinunuliwe jioni miguu ikiwa imevimba kidogo.

Kwa maumivu ya kuwaka, diklofenaki haifai: haigusi maumivu ya neva, na figo zinalipa gharama. Dawa zinazosaidia ni kama amitriptilini, kwa kawaida huanza na miligramu 10 hadi 25 usiku, duloksetini, gabapentini au pregabalini. Amitriptilini ina hatari kwa wenye matatizo ya mapigo ya moyo, presha ya macho au kuziba kwa mkojo. Gabapentini na pregabalini hupunguzwa figo zikiwa dhaifu. Zote hutuliza maumivu tu, haziponyeshi neva. Na ikiwa maumivu yamelipuka wiki chache baada ya sukari iliyokuwa juu sana kushushwa kwa kasi, mweleze daktari, kwa sababu kushuka kwa ghafla kwenyewe huweza kuamsha maumivu. Usisitishe dawa mwenyewe.

Uvumilivu unahitajika kwa sababu ya hesabu: uzi wa neva hukua takriban milimita moja kwa siku hata kwa mtu mwenye afya, na wa kisukari hukua polepole zaidi. Hata hivyo mazoezi ya mara kwa mara pamoja na kurekebisha chakula yameonekana kurudisha matawi madogo ya neva kwenye ngozi ya watu walio mwanzoni mwa safari hii. Palizi ya korosho ni mazoezi mazuri, ila hudumu msimu mmoja. Kutembea nusu saa siku tano za wiki, ukiwa umevaa viatu, hudumu mwaka mzima. Ugali usizidi ngumi yako, mboga zijaze nusu ya sahani, mbaazi au samaki wachukue robo iliyobaki.

Kagua nyayo kila jioni, kwa kioo kilichowekwa chini au kwa macho ya mjukuu. Kidonda chochote, hata kisichouma, kioshwe kwa maji safi, kifunikwe kwa kitambaa kisafi, na kipelekwe kituo cha afya kesho yake, bila kuwekwa majivu, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Wekundu unaopanda mguuni, harufu, uvimbe, ngozi kugeuka nyeusi au homa: hapo usingoje kesho.